Alan Blumlein, mutu aliyefundisha bafle mbili kusema pamoja

Mutu akivaa ekutere ku masikio na kusikia gitaa upande wa kushoto, ngoma upande wa kuume, na mwimbaji katikati kabisa, mahali ambapo hakuna bafle yoyote, anatumia kazi ya injenieri mmoja Muingereza aliyekufa mwaka 1942. Alikuwa na miaka 38 tu. Jina lake ni Alan Dower Blumlein. Mafundi wa sauti wa dunia nzima wanamujua, kuna hata namna ya kupanga mikro inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Lakini watu wa kawaida, hata kule kwao Uingereza, walikaa miaka mingi bila kumusikia, na hiyo haikutokea hivihivi tu. Kuna serikali iliyonyamaza, kuna vita, na kuna nati moja ya chuma. Tutafika pale.

Alizaliwa tarehe 29 Juni 1903, Hampstead, mutaa wa London. Baba yake, Semmy Blumlein, alitoka Ujerumani akawa raia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti ya mishionari wa Scotland, William Dower, ambaye alifanya kazi miaka mingi Afrika ya Kusini kati ya watu wa Griqua, ku muji wa Kokstad. Kwa hiyo lile jina la katikati, Dower, lilipita kwanza hapa barani kwetu kabla ya kuandikwa ku karatasi za ma-injenieri.

Utoto wake unasimuliwa na hadithi mbili. Ya kwanza: akiwa na miaka 7 alitengeneza kengele ya mlango wa nyumba, kisha akamupelekea baba yake fakitire, akiwa ametia sahihi kama injenieri wa umeme. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Inasemekana kwamba mpaka miaka 12 hivi alikuwa hajajua kusoma vizuri, lakini hesabu alikuwa anazipiga bila shida. Wazazi wenyi watoto wanaochelewa kusoma wataipenda hii. Baadaye aliingia Highgate School, kisha City and Guilds College ya London, na akatoka na diploma ya daraja la kwanza.

Mwaka 1924 akaanza kazi ku kampuni ya simu, ile iliyoitwa baadaye Standard Telephones and Cables. Shida ya simu za mbali wakati ule ilikuwa moja: waya nyingi zinalala pamoja ndani ya kebo moja, na maneno ya watu wawili yanaingia ndani ya mazungumuzo ya wengine. Blumlein alipewa kazi ya kutafuta namna ya kupima na kupunguza ule uchafu. Ni kazi isiyo na utukufu. Lakini pale ndipo alijifunza jambo litakalomufuata maisha yake yote: ukiwa na waya mbili, habari haiko tu ndani ya waya hii ao ile, habari nyingine iko ndani ya tofauti kati yao. Mushike neno hilo, tofauti, sababu litarudi.

Mwaka 1929 aliacha simu akaingia Columbia Graphophone, kampuni ya sahani za muziki. Mukubwa wake pale alikuwa Isaac Shoenberg, mutu aliyezaliwa Urusi, mwenyi jicho la kujua fundi mzuri. Columbia ilikuwa na kero ya pesa: kila sahani waliyorekodi kwa mashine za Wamarekani walipashwa kulipia haki. Blumlein aliambiwa atengeneze mashine ya kuchonga sahani ambayo haigusi haki ya mutu yeyote. Aliitengeneza, na ilikuwa nzuri kuliko ile ya kukodi. Kwa mwaka 1931 Columbia ikaungana na Gramophone Company, ile ya alama ya mbwa anayesikiliza, wakawa EMI, na maabara yao yakawa Hayes, upande wa magharibi wa London.

Sasa tuje ku sinema. Watu walioandika maisha yake wanasimulia kwamba mapema mwaka 1931 alienda kuangalia filimu pamoja na Doreen Lane, mwalimu wa shule ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mke wake. Filimu za kusema zilikuwa bado mpya. Mucheza filimu anatembea kutoka upande huu wa kitambaa mpaka upande ule, lakini sauti yake haitembei, inabaki inatoka mahali pamoja. Kipofu angekuwa amepotea kabisa. Jambo hilo lilimusumbua Blumlein, na akamuambia Doreen kwamba yeye anajua namna ya kufanya sauti imufuate mutu.

Wengi tungesema: weka bafle mbili, basi, kazi imeisha. Si rahisi hivyo. Fikiria namna masikio yanavyojua mahali mutu anaitia. Mutu akiita kutoka kushoto, sauti inafika ku sikio la kushoto kwanza, kisha la kuume kidogo sana baadaye. Kwa sauti nzito, kama besi, ubongo unategemea huo muda mdogo. Kwa sauti nyembamba, kama filimbi, ubongo unategemea nguvu, sababu kichwa chenyewe kinazuia sauti isifike vizuri upande wa pili. Lakini ukiwa mbele ya bafle mbili, sikio la kushoto linasikia bafle zote mbili, na la kuume hivyo hivyo. Kila kitu kinachanganyika. Ekutere hazina shida hiyo, bafle zinayo.

Hapa ndipo Blumlein alifanya hesabu ambayo wengine hawakuifanya. Alionyesha kwamba kama bafle mbili zinatoa sauti ileile kwa wakati uleule, lakini moja kwa nguvu zaidi, basi ile michanganyiko ku masikio inazaa yenyewe ule muda mdogo unaotafutwa na ubongo kwa sauti nzito. Kwa maneno mengine, huna lazima ya kuchelewesha kitu. Panga nguvu vizuri kati ya kushoto na kuume, masikio yatamaliza kazi. Kila mutu anayesukuma kibonye cha kushoto na kuume ku meza ya studio anafanya jambo hilo bila kujua alilitoa wapi.

Tarehe 14 Desemba 1931 aliweka ombi la breve. Lilikubaliwa mwezi wa Juni 1933, likapata namba 394,325, na ndani yake kulikuwa madai 70. Sitayamaliza yote hapa, mutalala. Lakini matatu lazima tuyaseme. La kwanza ni mikro: mikro mbili zinawekwa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, zikielekea pande mbili tofauti. Fundi akisema leo anapanga Blumlein, anasema mikro mbili zinazosikia mbele na nyuma, zikikatana kama musalaba kwa nyuzi 90. La pili ni sahani. Mutaro wa sahani una kuta mbili, sawa na mufereji wa maji. Blumlein alisema ukuta mmoja ubebe kushoto, mwingine ubebe kuume, kila mmoja ukiinama kwa nyuzi 45, na sindano moja isome zote mbili. La tatu ni lile neno nililowaambia mushike. Chukua kushoto na kuume, uzijumlishe, unapata jumla. Toa moja ku nyingine, unapata tofauti. Ukiongeza tofauti, muziki unapanuka. Ukipunguza, unasogea katikati. Ukiitoa kabisa, umerudi ku sauti moja, mono.

Mwezi wa Januari 1934 walileta mitambo Abbey Road, studio ya EMI, na kurekodi orkestra ya London Philharmonic ikiongozwa na Thomas Beecham, wakifanya mazoezi ya simfoni ya Mozart inayoitwa Jupiter. Mwaka 1935 wakatengeneza filimu fupi za majaribio. Moja inaonyesha watu wanatembea ku jukwaa huku wanasema, na sauti inatembea pamoja nao, kama alivyomuahidi Doreen.

Kisha ikasimama.

Mitambo ilikuwa inatembea, lakini EMI iliona kwamba hakuna soko. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu wanahesabu senti, nani atanunua bafle ya pili? Zaidi ya hapo Shoenberg alikuwa anataka nguvu zote ziende ku televisheni. Wamarekani nao walikuwa na watu wao wanaotafuta sauti ya namna hiyo, ku maabara ya Bell. Lakini hiyo breve ya Blumlein iliwekwa ku kabati. Mimi naona ni moja ya kabati za bei kubwa zaidi katika historia ya muziki, maana sahani za stereo zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958 tu, kwa mutaro wa nyuzi 45 pande mbili, na wakati ule haki ya breve ilikuwa imekwisha muda wake na mwenyewe yuko kaburini.

Blumlein hakulia juu ya hiyo. Aliingia televisheni kwa nguvu ileile. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza kurusha picha kutoka Alexandra Palace, ikijaribu mitambo miwili kwa zamu: ule wa Baird wenye mistari 240 na ule wa Marconi-EMI wenye mistari 405. Miezi michache tu, wa Baird ukaondolewa. Ule wa mistari 405 ulitumika Uingereza mpaka miaka ya 1980. Ndani yake kuna saketi nyingi za Blumlein. Mwaka 1937, mfalme George wa 6 alipotawazwa, picha za msafara zilifika ku kituo cha televisheni kwa kebo ambayo yeye alishiriki kuitengeneza.

Katika miaka hiyohiyo alitengeneza saketi ndogo ya lampe mbili zinazokunywa umeme ku mguu mmoja. Kazi yake ni kukuza tofauti kati ya waya mbili na kutupa kile kinachofanana, kama mngurumo wa kuranti. Neno lilelile tena. Saketi hiyo, ikiwa na transista mahali pa lampe, iko leo ndani ya amplifikatere karibu zote, ndani ya meza za studio, ndani ya karte ya sauti ya ordinatere unayotumia. Kwa jumla aliacha breve 128. Wengine wanafanya kazi miaka 40 na hawaachi hata moja.

Vita ya pili ya dunia ikaanza mwaka 1939. Maabara ya Hayes ikageuka ya jeshi. Kazi ya rada iliomba watu wa aina yake, sababu rada nayo ni kusikiliza: unatuma mawimbi, yanagonga kitu, yanarudi, na unapima muda. Mwaka 1940 Waingereza walikuwa wamepata magnetroni, kidubwasha kinachotoa mawimbi mafupi yenyi nguvu kubwa. Nayo ikawezekana kufunga rada chini ya tumbo la ndege na kuona muji, muto na pwani ku kioo kidogo, usiku na ndani ya mawingu. Mpango huo uliitwa H2S. Upande wa serikali uliongozwa na Bernard Lovell, upande wa EMI alikuwa Blumlein.

Tuseme wazi kitu hicho kilikuwa cha nini. Kilikuwa cha kusaidia ndege za mabomu kupata miji ya Ujerumani, inchi ya baba yake. Kilitumika mara ya kwanza mwisho wa Januari 1943, juu ya Hamburg. Mashine ya ukoo huohuo ilisaidia pia kutafuta nyambizi zilizokuwa zinazamisha meli za chakula baharini. Wanaoandika juu yake wanapenda kusimama ku zile nyambizi. Mimi naona mambo yote mawili ni yake, na kwetu huku, watu wanaojua kulala chini wakisikia mulio angani, hatuwezi kusoma sehemu hii haraka haraka.

Siku ya Jumapili, tarehe 7 Juni 1942, Blumlein na wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen, walipanda ndege ya Halifax, namba V9977, ku uwanja wa Defford, wakaona mashine ikifanya kazi angani. Alipenda ndege tangu ujana, alikuwa amejifunza kurusha zile ndogo. Ndani walikuwa watu 11, wanasayansi pamoja na wanajeshi. Mchana, injini ya nje upande wa kuume ilishika moto. Rubani alitafuta mahali pa kutua, lakini moto ulikula bawa, bawa likakatika, ndege ikajipindua na kuanguka karibu na Welsh Bicknor, pembeni ya muto Wye. Hakuna aliyepona.

Uchunguzi ulichukua injini ukaivunja kipande kwa kipande. Walikuta kwamba nati moja ndogo, ya kufunga sehemu inayosukuma valve, haikukazwa vizuri wakati injini ilipokaguliwa siku za nyuma. Ililegea pole pole, valve ikakatika, petroli ikashika moto. Kazi ya dakika chache, ya mutu mmoja mwenyi ufunguo mkononi.

Ile magnetroni ilitafutwa ku mabaki usiku uleule, sababu ilikuwa siri kuliko miili. Na siri hiyo ndiyo ilimufunika Blumlein. Kutangaza kwamba wanasayansi wa rada wamekufa ingekuwa kumupa adui habari, kwa hiyo magazeti hayakuandika alikuwa nani wala alikuwa anafanya nini. Mke wake alibaki na watoto wawili wa kiume, bila hata kuambiwa hadithi yote. Vita ikaisha, siri ikabaki. Baadaye, mutu mmoja aliahidi kuandika kitabu cha maisha yake, akakusanya barua na karatasi kutoka kwa familia na marafiki, akakaa nazo miaka na miaka, na kitabu hakikutoka. Vitabu kamili vilitoka tu kuelekea mwaka 2000, na vimeandikwa na wengine.

Sasa, juu ya nini habari hii iko ku ukurasa wa redio? Kwanza juu ya FM yenyewe. Stereo ya FM, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1961 na kuenea dunia nzima, inarusha hesabu ya Blumlein. Hairushi kushoto na kuume mbalimbali. Inarusha jumla mahali pa kawaida, na tofauti inafichwa juu zaidi. Redio ndogo ya bafle moja, ile ya mama anayeuza mboga, inasoma jumla tu na haina habari na kingine. Redio ya stereo inasoma zote mbili na kuzipanga upya. Ndiyo maana redio ikiwa mbali na antena, stereo inafanya kelele kama mvua, na ukirudisha ku mono inatulia.

Kuna mutego hapa ambao wanamuziki wetu wanaanguka ndani. Ukirekodi wimbo na waya za upande mmoja zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi, ku ekutere utasikia sauti ya ajabu lakini itakuwepo. Ku redio ya bafle moja, kushoto na kuume zinajumlishwa na kuuana: mwimbaji anapotea, inabaki mwangwi. Kabla ya kuleta wimbo ku redio yoyote, usikilize mara moja kwa mono.

Pili, juu ya zile bafle tano na kubwa moja ya besi ambazo vijana wananunua kwa kuangalia filimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mumarekani David Hafler alionyesha kwamba ukifunga bafle ya nyuma kati ya nyaya mbili nyekundu za amplifikatere, inatoa ile tofauti peke yake, na chumba kinajaa. (Musijaribu ku amplifikatere za kisasa bila fundi, nyingine zitaungua.) Dolby Surround ya nyumbani ya mwaka 1982 ilitumia tofauti hiyohiyo kwa bafle za nyuma. Leo kila bafle ina njia yake, lakini shida imehamia ku ordinatere. Mutu ananunua sistemu ya bafle sita, anaifunga kwa waya ule wa mwangaza mwekundu, na zinalia mbili tu.

Si bafle mbovu. Waya huo unabeba sauti mbichi ya njia mbili tu. Kwa sita, lazima sauti ifinywe kwanza kwa mutindo wa Dolby ao DTS. Filimu nyingi zinakuja zimefinywa tayari na zinapita. Mchezo wa video haujafinywa, ordinatere yenyewe inapashwa kuufinya palepale, na mara nyingi karte inaweza, lakini draiva, ile programu inayosimama kati ya Windows na karte, imefungwa kwa sababu muuzaji hakulipia haki ya kazi hiyo. Ndiyo maana watu wanatafuta draiva zilizobadilishwa. Zinafanya kazi, kweli, lakini Windows inazikataa sababu hazina sahihi, na ukizima ulinzi huo mlango unabaki wazi hata kwa virusi. Weka kwanza kopi ya draiva ya zamani. Ao, kama karte ina matundu matatu nyuma, tumia waya tatu za kawaida, kijani, nyeusi na ya machungwa, mambo yanaisha bila kuvunja kitu. Blumlein mwenyewe aliingia muziki kwa mulango huo: kutafuta njia ya kupita pembeni ya haki za wengine, bila kuziiba.

Mwaka 2015 jiwe la ukumbusho liliwekwa Abbey Road kwa jina lake, na mwaka 2017 wale wa Grammy wakamupa tuzo ya ufundi, miaka 75 tangu afe. Zile filimu za 1935 zingalipo. Moja inaonyesha stesheni ya Hayes. Haina mucheza filimu wala muziki. Treni ya moshi inaingia upande mmoja, inapita katikati, inatokea upande mwingine, na mulio wake unapita pamoja nayo.